Shuka la Madaktari na Moyo wa Venansia

Kama viatu vyako vya Jumapili vinakukubali asubuhi na kukukataa jioni, soma haya. Kama unalala umeketi na unamdanganya mkeo kwamba ni kwa sababu ya joto, soma pia, maana mimi nilidanganya hivyohivyo hapa Lushebere, ambako baridi inaozesha maharage shambani. Sitaeleza moyo unavyofanya kazi. Waliniambia mara nyingi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila mara niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nitasema tu yaliyonipata mimi, Silvestri, mkulima wa maharage na mihogo, miaka michache baada ya uhuru, na nitasema habari za madaktari ambao nilianza kwa kuwadharau.

Ugonjwa ulianza msimu wa palizi. Shamba langu liko juu ya nyumba, mteremko mkali, na nilizoea kuupanda huku nikiimba. Msimu ule nilianza kusimama njiani. Nilijifanya ninatazama vilima. Bernadeta, mke wangu, aliniuliza tangu lini nimekuwa mtalii kwenye shamba la baba yangu, na nilimjibu kwa ukali kwa sababu sikuwa na pumzi ya kumjibu kwa utani. Baada ya mavuno miguu ilivimba. Kisha tumbo. Kitandani nikilala chali nilihisi ninazama, kwa hiyo niliegemea ukuta hadi kulipokucha.

Nilijua ni nini. Mama yangu alikufa hivyo. Mdogo wake alikufa hivyo huko Ntoto, upande wa Walikale, alikoolewa. Kuna waliosema ni sumu. Sisi Wakristo tulisema ni mapenzi ya Mungu, lakini hofu yetu ilikuwa ileile ya wale wa sumu.

Bernadeta alinipeleka hospitali ya Masisi kwa machela, nikilalamika njia nzima kwamba wabebaji wananitikisa. Tulikaa kwenye benchi la barazani tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Benchi lile nalijua sasa kuliko kiti changu cha nyumbani. Upande wa kushoto una mbao iliyopasuka inayofinya paja, na wagonjwa wa zamani huwaachia wageni upande huo bila kusema neno. Hatimaye muuguzi, Papa Leoni (papa kwetu ni baba), aliniita, na ndani nikamkuta kijana mwembamba, mweusi kama mimi, masikio makubwa, kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Huyo alikuwa Dokta Anselmi. Alikuwa msaidizi wa madaktari wakati wa Wabelgiji, akaenda Ulaya kumalizia masomo, akarudi. Mimi hayo sikuyajua. Nilimwambia ninataka dokta wa kweli.

"Papa, dokta wa kweli alirudia kwao," alinijibu bila kukasirika. "Nilibakia mi. Toa shati."

Alinisikiliza muda mrefu kuliko padri anavyomsikiliza mwizi. Kisha aliagiza sindano za kukojoza. Ndugu msomaji, ukipewa sindano hizo usione haya: chukua ndoo, kaa karibu nayo, na usiwaalike wageni siku hiyo. Kwa wiki mbili maji yalitoka mwilini mwangu hadi nikaziona tena mbavu ambazo nilikuwa nimezisahau. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, na amri moja: nisile chumvi.

Tulitii. Bernadeta aliacha kununua chumvi ya dukani, na nyumba nzima ilikula kama mimi. Hata hivyo kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimevimba tena, na nikarudi kwenye benchi, upande wa kulia. Sindano, ndoo, nyumbani. Nikavimba tena. Mara ya tatu, sindano zilipokwisha, Dokta Anselmi alitaka kukiona chungu changu. Alivaa buti, akatembea nami polepole hadi Lushebere, akaingia jikoni kwetu, akachota maharage chunguni kwa mwiko na kuyaonja.

Mpishi wa siku ile alikuwa Koko Mariya. Koko ndivyo tunavyomwita bibi. Hakuwa mama yangu. Alikuwa mke wa kwanza wa baba, na mama yangu alikuwa wa pili, hapo zamani kabla baba hajabatizwa. Baba na mama walipokufa, Koko alibaki nasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kuchoma maganda ya ndizi na majani ya bwawani, kuchuja majivu yake, na kupikia maji yale kama mama zake walivyofanya kabla duka lolote halijafika Masisi.

"Koko, hii iko chumvi," alisema daktari.

"Hapana. Iko majivu," alijibu Koko, na alimaanisha hivyo kabisa.

Daktari alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Koko alinuna. Ndipo nilipoanza kumheshimu kijana yule, kwa sababu aliacha kucheka, akaketi chini karibu na mafiga, akamwomba amwonyeshe jinsi anavyochuja, hatua moja baada ya nyingine. Alisifu kazi yake. Kisha alimweleza kwamba kwa mtu mzima majivu yale ni mazuri, ila kwangu yanafunga maji mwilini sawa na chumvi ya dukani. Koko alinitazama kama mtu anayefanya hila za kujipendekeza kwa wageni, lakini tangu siku ile chungu changu kilipikwa peke yake.

Kabla ya kuondoka daktari aliuliza ni nani mwingine kwetu aliyekufa kwa kuvimba. Nilimtajia mama, na mama mdogo wa Ntoto, na mjomba aliyekuwa Kalembe. Aliandika yote kwenye daftari. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe wiki iliyofuata alifunga safari, yeye na Papa Leoni, kwa miguu, hadi Kalembe, na kutoka Kalembe akashuka msituni hadi Ntoto, kwenda kusikiliza mioyo ya watu ambao hawakuwa wamemwita. Alirudi baada ya siku tisa na funza kwenye vidole vya miguu na orodha ya ndugu zangu wa upande wa mama. Saba kati yao walikuwa na moyo kama wangu. Wawili hawakujua hata kwamba ni wagonjwa. Nimekuwa na ndugu hao miaka mingi bila kufunga safari ya kuwaona, na mtu asiye wa ukoo wetu alikwenda. Niliona haya, na nilimpenda.

Msimu wa kupanda ulipita, ukaja wa kuvuna, nikiwa kati ya shamba na benchi. Kiangazi kilipoanza, Dokta Anselmi alituambia kwamba barua alizowaandikia madaktari wenzake zimejibiwa. Madaktari wa mioyo wangekutana Bukavu, wengine wakitoka nchi za jirani, kuzungumzia ugonjwa wa misuli ya moyo unaorithiwa katika ukoo, na ukoo utakaozungumziwa ni wetu. Kabla ya hapo wawili wangekuja Masisi kuupanga mkutano huo pamoja naye. Mmoja alikuwa Profesa kutoka mji mkuu, mzungu mzee mwenye mvi na magoti mabovu. Mwingine alikuwa Dokta Klara kutoka Bukavu, mwanamke mnene, mchapakazi, aliyekuja na mtambo wa betri unaochora mapigo ya moyo kwenye ukanda wa karatasi.

Paa la ofisi lilikuwa linatengenezwa, basi walifanyia kazi barazani, mbele ya benchi letu. Sisi tuliozoea kuwangojea madaktari tukapata bahati ya kuwaona madaktari nao wakingojea. Walingoja ujumbe wa redio kutoka Bukavu. Walingoja petroli. Walingoja jibu la daktari mmoja wa nje ambaye kila akijibu aliuliza kama kutakuwa na maji ya moto. Walibishana nani ataongea kwanza, na kwa dakika ngapi, na nani atamkatiza Profesa akizidisha, maana Profesa mwenyewe alikiri kwamba huwa anazidisha. Tulicheka benchini, na Dokta Klara alitugeukia akacheka nasi.

Karatasi yao ilikuwa ndogo kwa ukoo wetu. Dokta Anselmi aliomba shuka la kitanda lililochakaa, akalitundika ukutani, akachora kwa wino: mraba kwa mwanamume, mduara kwa mwanamke, mstari kutoka mzazi hadi mtoto. Waliokuwa na ugonjwa aliwapaka weusi. Nilimwona mama yangu ukutani, mduara mweusi, na mimi mraba mweusi chini yake. Si jambo rahisi kujiona hivyo. Papa Leoni aliniletea chai.

Siku moja Profesa alipendekeza nipelekwe Bukavu kwa lori, nivuliwe shati mbele ya wote wausikilize moyo wangu. Dokta Anselmi alikataa. Kifaransa changu cha shule ya misheni ni kidogo, lakini hilo nililielewa: alisema watapeleka michoro ya moyo wangu, na mimi nitabaki kwangu na shati langu. Profesa alifikiri kidogo, akafuta jambo hilo kwenye orodha yake, akaja kunisalimu kwa mkono.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu.

Profesa alihofia swali moja. Alisema madaktari wengi watadai kwamba ugonjwa huu hautoki kwenye damu, unatoka chunguni: muhogo, maji, hayo majivu ya Koko. Ili kuwajibu, walihitaji watu waliokula chungu kimoja na mimi miaka yote lakini wasio na damu ya mama yangu. Kama hao wana mioyo mizima, chungu hakina hatia. Na nyumbani kwangu walikuwapo wanne: Bernadeta, Koko, Petro, mwana wa marehemu kaka yangu Kasiano, na dada yake Petro, Venansia, msichana aliyekuwa ameposwa na kijana wa Kalembe. Kasiano alikuwa mwana wa Koko. Tulichangia baba tu. Kwenye shuka watoto wake wawili walichorwa pembeni, weupe, mbali na mama yangu.

Niliposikia hivyo nilijua kuna kosa, na kosa ni letu. Kasiano aliangukiwa na mti akiwa angali kijana, akamwacha Bernadeta na Petro mgongoni. Ukoo ulinipa mimi, mdogo wake, kumrithi mjane, na baadaye padri akatufungisha ndoa. Lakini kwa ukoo wetu mtoto wa kwanza anayezaliwa baada ya urithi ni wa marehemu. Anaitwa mwana wa marehemu, anaandikwa kwa marehemu hata kwenye kitabu cha ubatizo, na aliyemzaa anakaa kimya maisha yake yote. Mtoto huyo ni Venansia. Wengine wawili tuliowapata baadaye, ambao wangeitwa wangu, hawakuishi. Aliyebaki aliniita baba mdogo, na mimi niliitika. Madaktari waliuliza baba yake ni nani, na wote tulijibu Kasiano, tena bila kuhisi kwamba tunadanganya.

Walipimwa wote wanne. Petro mzima. Bernadeta mzima. Koko, na miaka yake yote, alikuwa na moyo ambao Dokta Klara alitamani kuupeleka maonyesho. Kisha walimlaza Venansia, wakamfunga nyaya, ukanda wa karatasi ukatoka, na Dokta Klara akauweka kando ya wangu. Hata mtu asiyejua kusoma angeona kwamba ni mwandiko mmoja.

Profesa alivua miwani. Walizungumza chini kwa chini hadi chakula cha mchana kikapoa. Papa Leoni alikuja kuniambia habari akidhani ni njema: kwa kuwa binti si wa damu ya mama yangu lakini ni mgonjwa, basi ugonjwa unatoka kwenye chakula. Profesa alikuwa amesema watawaandikia wenzao kwamba walikosea, na mkutano utabadilishwa uwe wa mambo ya lishe. Watu wa Ntoto na Kalembe wangeambiwa wabadilishe mapishi. Venansia angeenda nyumbani, ale vizuri, aolewe baada ya mavuno, azae, na moyo utatulia wenyewe. Dokta Anselmi aliketi mbele ya shuka lake, mikono magotini. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imeangushwa na uongo wangu, na yeye alikuwa anajilaumu mwenyewe.

Nilinyamaza siku mbili. Sitajisingizia ushujaa. Nilijiambia kwamba huenda ni kweli, ni chungu. Nilijiambia kwamba Kasiano hana mwingine wa kumbakiza ila hao wawili. Siku ya pili mchana nilikuwa barazani hospitalini nikamwona Venansia akipanda na ndoo ya maji kutoka kisimani. Katikati ya mteremko alisimama, akaweka ndoo chini, akageuka kutazama vilima. Hakuna kitu cha kutazama kule. Ninajua mtu anatazama nini anaposimama hivyo.

Nilianza kwa Bernadeta. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Mi nilimubeba," alisema. "Najua baba yake. Lakini Koko, we njo utamwambia." Njo kwetu ni ndiye: kazi hiyo ilikuwa yangu.

Koko alikuwa nyumbani Lushebere akichambua maharage. Nilimweleza yote, nikiwa nimepiga magoti kama mtoto, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusimama na kwa sababu ilistahili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kasiano alikufa mara moja," alisema. "Unataka kumuua mara ya pili?"

Nilimjibu kwamba nikinyamaza tutamzika Venansia, na jina la Kasiano tutalizika pamoja naye. Koko alirudia maharage yake. Hakunipa chakula jioni ile. Nilitembea kurudi hospitalini nikilia njiani, mtu mzima, na wanawake waliotoka sokoni walinipisha.

Venansia aliambiwa na mama yake. Nilidhani atakasirika, au ataniuliza kwa nini. Aliuliza swali moja tu: kama ni ugonjwa huo uliokuwa unamchosha tangu akiwa mdogo. Bernadeta alisema ndiyo.

"Basi haikuwa uvivu," alisema Venansia, na akalia. Mimi ndiye niliyemwita mvivu miaka yote hiyo, shambani, mbele za watu. Katika ugonjwa wangu wote, pamoja na sindano na tumbo la maji, sijaumia kama nilivyoumia kusikia hilo.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya madaktari watatu barazani, wagonjwa wote wa benchi wakisikia. Nilianza kwa Kifaransa, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili chetu.

"Kwa jina, huyu mutoto iko wa kaka yangu. Kwa damu, iko wangu. Mi njo nilimuzaa. Niliwadanganya."

Profesa aliomba irudiwe, na Papa Leoni akairudia kwa sauti ya mtu anayesoma injili. Nilingoja hasira. Walikuwa wamepoteza siku, barua, petroli. Dokta Anselmi aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa la moyo. Aliniuliza kama Koko anajua. Nilisema anajua. Aliniuliza kama amekubali. Nilisema hapana.

"Basi hatugusi shuka," alisema, na aliwageukia wenzake kuwaeleza.

Profesa alikuwa aondoke kesho yake. Gari lilikuwa tayari. Alisikiliza maelezo, akakuna mvi zake, akamwambia dereva ashushe mizigo. Nimewaza mara nyingi juu ya hilo. Mtu mkubwa vile, mwenye mkutano wa kupanga na majibu yote mkononi, alingoja ruhusa ya mwanamke mzee wa Lushebere ambaye asingeweza kusoma hata jina lake. Venansia walimwanzishia chungu kisicho na chumvi siku ileile, hilo halikungoja. Lakini mstari ulingoja.

Siku ya tatu Koko alifika, na fimbo, na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Papa Leoni alitaka kumpitisha mbele. Alikataa. Aliketi kwenye benchi, upande wa kushoto, kwenye mbao iliyopasuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya shuka, akauliza Kasiano yuko wapi. Dokta Anselmi alimwonyesha mraba mweupe. Aliuliza mimi niko wapi. Alimwonyesha.

"Andika damu pale kwenye iko," alisema. "Lakini mutoto wangu musimutoe mu hii kitambaa."

Daktari alichora mstari mzima kutoka kwangu na kwa Bernadeta hadi kwenye mduara wa Venansia. Kisha kutoka kwa Kasiano hadi kwenye mduara uleule alichora mstari mwingine wa nukta nukta. Alimweleza Koko kwamba madaktari wa nchi zote wana mstari wa namna hiyo, wa mtoto ambaye ni wako ingawa si wa damu yako. Koko aliutazama kwa karibu. Alisema nukta ni hafifu, hazionekani kutoka mlangoni. Dokta Anselmi alichovya kalamu tena na kuzikoleza moja moja hadi aliporidhika.

Mduara wa Venansia ulipakwa mweusi baadaye, Koko akiwa ameshaondoka.

Sitaficha lililofuata. Watu wa Kalembe waliposikia habari ya moyo walivunja uchumba kwa maneno ya upole, na upole ule uliuma kuliko matusi. Daktari alikuwa amesema mimba inaweza kumuua. Wiki nzima Venansia hakutoka nyumbani. Kisha alianza kwenda hospitalini kila siku kumsaidia Papa Leoni kuwapanga wagonjwa wa mioyo, kuwaonyesha wanawake jinsi ya kupika maharage yasiyo na chumvi yakalika, na kuwahimiza wageni kukaa upande wa kulia. Sisemi kwamba aliridhika. Ninasema alikwenda.

Mkutano ulifanyika Bukavu kabla ya mvua. Dokta Anselmi aliporudi hakuja kwangu kwanza. Alipita mlango wangu, akaenda kwa Koko, akaketi pale jikoni na kumpa habari yote. Alisema shuka lilitundikwa mbele ya watu wote, bila majina. Alisema daktari mmoja aliuliza kuhusu mstari wa nukta, na Profesa, badala ya kujibu kwa neno moja, alisimama akazidisha kama kawaida yake: aliwaeleza jinsi alivyokaribia kuja mbele yao na jibu la uongo, na kwamba kama si mwanamke mmoja mzee aliyekubali kupungukiwa, wangetoka mle ndani wakiwa wamedanganyika wote. Koko aliuliza kama walisikia. Daktari alisema walisikia. Koko alimpa viazi.

Kulikuwa na jambo jingine. Daktari wa nchi ya jirani alikuwa na wagonjwa wa namna hii, na yeye aliwapa vidonge mapema, kabla hawajavimba, badala ya kungoja maji kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Alitoa alivyokuja navyo, kopo zima, kwa ajili ya msichana wa kwenye shuka, na akaahidi kuendelea kutuma. Dokta Anselmi aliliweka kopo mikononi mwa Koko.

Tangu siku ile vidonge vya nyumba yetu viligawiwa na Koko. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kopo. Asubuhi, kabla ya uji, alimwita Venansia, akampa kimoja, akasubiri ameze, akamwambia afungue mdomo. Kisha aliniita mimi, mwana wa mke mwenzie, na kunikagua mdomo vilevile. Mara moja nilimtania kwamba sisi si watoto wachanga.

"Nilizika mumoja," alisema. "Nyinyi wawili njo mutanizika."

Misimu minne ya maharage imepita tangu mkutano ule. Ndugu zangu wa Ntoto na Kalembe wanapata vidonge vyao kwa zamu, na Dokta Anselmi bado anashuka msituni mwenyewe kuwasikiliza. Mimi silimi tena mteremko wa juu, ninalima bustani ya chini, na ninalala nimelala. Ewe uliyevimba, ukiulizwa hospitalini nani ni wa nani, sema yote, hata yale ambayo kwenu hayasemwi. Wapo watakaojua kuyabeba.

Koko alifariki mwezi wa nne wa mwaka huu, usingizini, moyo wake ukiwa mzima hadi mwisho. Tulimzika juu ya kilima, karibu na Kasiano, kama alivyotaka. Njia ni ndefu na mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilifuata nyuma na wazee, nikipumzika. Mbele ya jeneza alitembea Venansia na msalaba, na aliubeba mwenyewe hadi juu.